Mfuniko wa Bawa la Kushoto

Siku yangu ya kwanza hangani, kwenye banda la ndege, nilipewa ufagio. Nilikuwa nimemaliza ukuruta, nimemaliza kozi ya ufundi wa injini, nina cheti chenye mihuri miwili, na kombati nilikuwa nimeipiga pasi mpaka mikunjo imesimama. Sajini Luhende alikisoma kile cheti mbele na nyuma, akanirudishia, kisha akanielekeza kwa kidevu ulipokuwa ufagio.

Nilifagia wiki tatu. Kila jioni kabla ya paredi aliniuliza, "Umeokota nini leo, Minza?" Nami nilitandika kitambaa juu ya meza na kumpangia nilichookota: kipande cha waya, washa ya bolti, nati, kichwa cha msumari. Aliokota kimoja kimoja na kuniuliza kimetoka wapi. Nikisema sijui, tunaenda wote kuzunguka ndege zote tatu mpaka tujue. "Kilichoanguka chini kina mahali pake," alikuwa akisema. Wiki ya nne aliponikabidhi spana, nilikuwa nazijua zile ndege kutoka chini kwenda juu, kama mtoto anavyomjua mama yake kutoka magotini.

Ninawaandikia ninyi vijana niliowaacha kwenye hanga la mgodini. Siku ya kuniaga mlisema niwaandikie mambo ya kazi. Mambo ya vyeo sitayagusa. Vilikuja kwa kuchelewa na sikuwahi kuona cheo kikifunga nati. Nitaeleza nilikojifunzia kazi, na jambo moja ambalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka ishirini na moja.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, upande wa Songwa, mkoani Shinyanga, kwenye tambarare ambayo kiangazi hugeuka vumbi jeupe na masika hugeuka tope jeusi la kuvua watu viatu. Tulikuwa na hanga moja la mabati, njia moja ya kurukia, na ndege tatu ndogo za injini moja, zile ambazo mabawa yake yako juu ya vichwa vya abiria. Zilibeba madaktari, barua, wagonjwa, dawa, na mara moja zilibeba mbuzi wa mkuu wa kituo, safari ambayo haikuandikwa popote. Mafuta tulijaza kutoka kwenye mapipa kwa pampu ya mkono, mmoja akipampu, mwingine akiwa juu ya ngazi ameshika faneli yenye ngozi laini ya kuchujia maji. Ukimaliza unafunga mfuniko, unauzungusha mpaka alama mbili zikutane, unauvuta kuhakikisha, ndipo unashuka. Luhende alituambia tufunge kwa mkono na tukague kwa mkono mwingine. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali rozari, na alifundisha mifuniko ya mafuta kama katekista anavyofundisha sala.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Koplo Salum, mtu wa Tanga. Alinizidi mwaka mmoja kazini na alinizidi Kiswahili kwa mbali sana. Sisi wa huku ulimi hauoni tofauti ya "r" na "l", na hilo lilimpa Salum furaha isiyoisha.

"Minza, kapteni yuko wapi?"

"Lubani yuko ofisini."

"Lubani ni ubani wa kufukiza. Anayeendesha ndege ni rubani."

"Huyo huyo. Yuko ofisini."

Salum ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unauweka sikioni, na unasikia kila valvu inavyogonga. Ndiye aliyenifundisha kukaa kimya mbele ya rubani mwenye hasira. Nilipougua malaria alifanya zamu zangu mbili bila kuambiwa. Sikuwa na kaka mkubwa. Nilimchukulia hivyo.

Asubuhi ya tukio ilikuwa kiangazi, mpunga umeshavunwa. Kapteni Shayo, rubani wetu mkubwa, alitakiwa kupeleka dawa za chanjo upande wa Bukombe, peke yake na masanduku. Mimi na Salum tulipewa kujaza mafuta. Nilikuwa juu ya ngazi, bawa la kushoto, nimekwisha kujaza, nimeupachika mfuniko mahali pake, mkono uko juu yake. Mlinzi wa getini akaja.

"Minza, mama yako yuko getini. Basi lake linaondoka sasa hivi."

Mama alikuwa ametoka kijijini kwetu Didia na sikuwa nimemwona miezi minane. Nilimtazama Salum chini.

"Nenda," alisema. "Bawa la kulia najaza mwenyewe."

Nilishuka na kukimbia. Mama alinipa fuko la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akanishika mashavu, akasema nimekonda, akapanda basi. Haikuzidi dakika kumi. Niliporudi propela ilikuwa inazunguka na Salum alikuwa ameondoa vizuizi vya matairi. Nilisimama mlangoni mwa hanga na fuko langu, nikajaribu kukumbuka mkono wangu ukizungusha ule mfuniko, na sikukumbuka. Nataka mlielewe hili vizuri. Nilikuwa na muda wa kukimbia mbele ya ndege na kupunga mikono. Kapteni angezima, angenitukana, ningepanda ngazi, ningeufunga, basi. Nikajiambia Salum ameuangalia. Ndege ikaondoka.

Mfuniko ukilegea, upepo unaopita juu ya bawa hunyonya mafuta kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija. Matangi yetu mawili yaliunganishwa kwa bomba, kwa hiyo la kushoto lilipokwisha, la kulia nalo likafuata kutokea tundu lile lile. Kapteni Shayo alipoona geji zinashuka aligeuza kurudi. Injini ilizimika akiwa juu ya Didia, na aliitua kwenye majaruba makavu ya mpunga, kama mita mia tatu kutoka nyumbani kwetu. Tuta la jaruba lilivunja gurudumu la mbele, ndege ikapiga pua chini. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa watu waliomtoa. Mkono wa kulia wa kapteni ulivunjika sehemu mbili na haukunyooka tena vizuri. Hakurusha ndege tena. Alimalizia utumishi wake akiwa ofisini, anasaini kwa mkono wa kushoto, na alifariki miaka mingi baadaye bila mimi kumwambia lolote.

Mfuniko wa kushoto ulikutwa unaning'inia kwenye mnyororo wake. Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa kituo, mimi, Salum na Sajini Luhende. Karatasi ya kujaza mafuta ilikuwa mezani, mabawa yote mawili, sahihi moja.

"Nani alijaza?" mkuu aliuliza.

"Sahihi ni yangu, afande," Salum alisema.

Mkuu alimtazama Luhende. Luhende aliitazama karatasi. "Ni sahihi yake," alisema.

Nilikuwa nimesimama kushoto kwa Salum, bega kwa bega. Nilisikia anavyopumua. Sikufungua mdomo. Jambo zima halikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Salum aliondolewa hangani siku hiyo hiyo na kupelekwa kulinda ghala la magodoro. Mwaka uliofuata aliacha jeshi. Nilimsindikiza mpaka stendi ya Shinyanga nikiwa nimembebea begi. Kabla ya kupanda alisimama, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanipa mkono. "Haya, Minza. Kazi njema."

Nilibaki jeshini miaka kumi na moja, halafu nikachukuliwa na kampuni ya ndege ndogo kwenye ukanda wa migodi kule Geita, na huko ndiko mlikonikuta. Mmeniona kazini, kwa hiyo sina la kujisifia. Mnakumbuka ile ndege iliyokuwa ikikohoa asubuhi tu, tukabadilisha plagi, tukafungua kabureta, tukalaumu mafuta, tukalaumu marubani, na siku ya nne tukakuta nyigu wamejenga udongo ndani ya bomba la kupumulia la tangi? Mlisema nina jicho. Na mlikuwa mnanicheka kwa kupanda ngazi mara mbili kugusa kila mfuniko, hata uliofungwa na mtu ninayemwamini. Mliniita Bibi Mfuniko mkidhani sisikii. Sasa mnajua.

Mwaka huu, wiki chache baada ya mimi kustaafu, Sajini Luhende alinipigia simu kutoka Ushirombo. Ana umri mkubwa sasa, analima mahindi kidogo na kusimamia kwaya.

"Minza, umesikia? Wamelifanya hanga letu makumbusho."

"Makumbusho ya nini, afande?"

"Ya ndege. Na ya sisi, nadhani. Wanaita watumishi wa zamani. Nakuja kwako kesho kutwa."

Alilala kwangu Kambarage, mjini Shinyanga, na asubuhi tulipanda teksi kwenda kituoni. Njiani alikuwa na furaha ya mtoto wa shule. Alinionyesha palipokuwa na kilabu cha pombe ambacho eti hakukijua, na mahali ambapo lori letu lilizama tope siku tatu. Nilicheka mpaka tulipofika getini. Pale kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi alikuwa amesimama mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Nilipata namba yake kwa mafundi wa Katoro," Luhende aliniambia. "Nilisema nikushtukize."

Salum alimwamkia Luhende kwanza, shikamoo na saluti kwa pamoja. Kisha akanigeukia. "Lubani hajambo?"

"Lubani hajambo," nilisema.

Luteni Neema, msichana wa umri wa mwanangu, ndiye aliyepewa kuyatunza makumbusho. Alituamkia wote kwa heshima na kutuingiza. Hanga lilikuwa limefagiliwa kuliko nilivyowahi kulifagia mimi. Harufu ya mafuta haikuwepo tena, kulikuwa na harufu ya rangi mpya. Ubao wa vifaa ulikuwa pale pale ukutani, kila spana na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeusi, na Luhende alisimama mbele yake akihesabu kwa midomo. Pampu ya mkono ilikuwa juu ya meza na kikaratasi kilichosema tusiiguse. Salum aliishika mpini na kuipampu mara mbili. "Kilainishi kimekauka," alimwambia Luteni. "Tia grisi hapa." Luteni aliandika.

Ndege ilikuwa katikati. Moja tu kati ya zile tatu, ile ile ya Didia, imenyooshwa pua na kupakwa rangi. Luhende alivua kofia, akapitisha kiganja tumboni mwa ndege kutoka injini mpaka mkiani, bila haraka. Salum alizunguka upande wa pili. Tulikutana mbele, na kwa muda tukawa vijana watatu wenye kazi ya kufanya: huyu anasema waya huu umefungwa kinyume, yule anasema tairi hizi si zake, mimi nikasema propela imeng'arishwa kupita kiasi. Luteni alicheka na kuandika yote.

Kisha akaanza kutueleza historia kama anavyowaeleza wageni, akitusomea kibao kilichokuwa mbele ya bawa. Ndege hii ilibeba wagonjwa na madaktari kwa miaka mingi. Ndege hii iliwahi kutua kwa dharura katika majaruba ya Didia na kumjeruhi rubani, kutokana na uzembe wa fundi aliyeijaza mafuta.

"Huyo fundi aliondolewa jeshini," Luteni aliongeza. Hakuwa na ubaya. Hakujua.

Salum alikuwa amesimama mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba. Hakugeuza uso. Luhende alikohoa na kusema twende tukaone picha. Nikaona tunaondoka. Nikaona tutakula chakula cha mchana, tutapiga picha, tutaagana, na kile kibao kitabaki pale kikisomewa watoto wa shule.

"Luteni," nilisema, "fundi wa bawa hilo nilikuwa mimi."

Luhende aligeuka. Nikaeleza yote, mama getini, mkono juu ya mfuniko, mlango wa hanga, ofisi ya mkuu. Nilizungumza nikiitazama ndege kwa sababu sikuweza kuwatazama watu.

Luhende alitafuta kiti. Luteni alimsogezea chake. "Siku ile," Luhende alisema polepole, "mimi nilitafuta sahihi. Sikutafuta mkono. Nilijua ninyi mnagawana mabawa. Mimi ndiye niliyewafundisha kugawana." Alimtazama Salum. "Salum, mwanangu, nilimtoa fundi mzuri kwa sababu ilikuwa rahisi."

"Afande, basi," Salum alisema.

Nilimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua kabla hawajaivuta kutoka majarubani. Mfuniko wangu nilikuwa nimeufunga."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisaini bawa ambalo sikuligusa. Kosa hilo lilikuwa langu, tena la kweli, sikulibeba kwa niaba ya mtu." Alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Mfuniko nilikusamehe siku ile ile, Minza. Umekwenda kumwona mama yako, nani hajawahi kukimbia hivyo? Lakini pale ofisini nilidhani utasogea hatua moja mbele. Nilikusubiri. Nikakusubiri na kule stendi, nikasema labda atasema sasa, hapa hakuna mkubwa. Ukanipa begi."

Nilisema, "Nisamehe," na neno lilikuwa dogo kuliko nilivyotegemea.

"Leo umesogea," alisema. "Umechelewa, lakini umesogea."

Luteni Neema alisema kibao hawezi kukiondoa bila kibali cha wakubwa wake, lakini kuandika anaweza. Nilikaa ofisini kwake nikaandika kurasa mbili kwa mkono. Salum alizisoma na miwani yake puani, akataka niongeze kwamba yeye alisaini bila kukagua. Nilikataa. Alisema bila sentensi hiyo hatakubali karatasi itoke. Luhende naye akadai yake iingie, kwamba msimamizi alitazama sahihi tu. Tulibishana karibu saa nzima, wazee watatu, juu ya nani awekwe kwanza. Luteni alituletea soda. Wiki sita baadaye alinitumia picha ya kibao kipya kwenye simu. Kina mistari mingi zaidi, majina yote matatu yapo, na neno uzembe wameliacha lilipokuwa. Nilidhani ningesikia aibu kuliona jina langu pale. Nilichosikia ni kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini.

Ningeishia hapo, ila siku ya kuagana getini Salum alikuwa amesema, "Njoo Katoro, uone karakana yangu." Nilikwenda mwezi uliofuata. Ana karakana ya pampu za maji na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na wachimbaji wanamletea kila chombo kilichogoma. Alinipa bisibisi ndefu mbele ya mafundi wake, na nikawasikilizisha injini ya dizeli mpaka nikawaambia valvu ipi imelegea. Salum alisimama kando akijifanya hashangai.

Mchana alinipeleka nyumbani. Mke wake, Mama Rehema, alitupokea mlangoni. Nilijua walichumbiana mwaka ule ule Salum alipoondolewa hangani, na kwamba ndugu za mkewe walimkatalia kwa muda kuolewa na mtu aliyetolewa kazini. Hayo Salum alinieleza njiani, kwa sauti ya mtu anayeelekeza barabara.

"Ndiye huyu?" Mama Rehema alimuuliza mume wake.

"Ndiye."

Alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Karibu, dada. Salum amekusamehe, amenieleza. Mimi bado."

"Ni haki yako," nilisema.

"Najua ni haki yangu. Ingia ule."

Alinipakulia wali mwenyewe, kilima kizima, na samaki wa nazi aliyempika kama kwao Tanga. Salum alinyoosha mkono kusogeza bakuli la mchuzi, mkewe akamzuia kwa jicho. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yangu mahali ambapo nisingeweza kuuficha uso wangu, akakunja mikono.

"Kula," alisema. "Nimekaa na maswali miaka mingi."

Nilikula. Swali la kwanza aliniuliza kabla sijalimeza tonge la pili, nami nikaanza kumjibu.